Mbayuwayu wa Mama Limi

Koplo Ghati aliingia ofisini bila kupiga hodi akamkuta Inspekta Telesphori Bujiku anajipaka kielelezo kidevuni.

Kielelezo chenyewe kilikuwa kikopo cha rangi ya viatu, kimesuguliwa kwa mchanga mpaka maandishi yote yamekwisha, na ndani yake mlikuwa na mafuta mazito yanayonukia samli na asali. Inspekta alikuwa amesimama mbele ya kioo cha pikipiki alichokipachika dirishani. Alimwona koplo kwenye kioo, wala hakushtuka. Alimaliza shavu la kushoto akahamia la kulia.

"Jambo afande."

"Jambo."

"Hicho si kile tulichokamata kwenye basi la Mwanza?"

"Ndicho."

"Na si ushahidi?"

"Ni ushahidi, Koplo, na ushahidi huchunguzwa. Ndiyo kazi ninayofanya hapa."

Ghati alikuwa binti wa Tarime, mrefu, si mtu wa kumeza maneno. Safari hii aliyameza, maana kidevu cha bosi wake kilikuwa kimebadilika kweli. Mwaka ule wa 1983 nyembe zilikuwa adimu sawa na sabuni. Wembe mmoja ulinyoa ukoo mzima, na kila Bujiku akinyoa, vipele vilimtoka mpaka shingoni akaogopa kufunga kola. Tangu vikopo vile viingie kabatini, vipele vilikuwa vinalala kimoja kimoja. Alikuwa na furaha ya siri juu ya jambo hilo, na aibu pia, kwa sababu mwenye mafuta alikuwa chumba cha pili, amefungiwa.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu Saba Saba, magunia ya mawe yenye dhahabu yalikuwa yakipungua kwenye malori ya mgodi wa serikali upande wa Geita. Lori likipita Ilembanya, kijiji cha barabarani mbele ya Ushirombo, lilifika Kahama jepesi. Lakini jiwe haliwekwi mfukoni likauzwa. Lazima lipondwe, unga wake uoshwe, ndipo dhahabu itoke, na mahali pa kuoshea, ambapo wachimbaji hupaita mwalo, hapakujulikana. Bujiku alikuwa amepekua kila kijito kilichokauka akarudi na vumbi tu.

Ndipo alipokuja kituoni, kwa baiskeli yake, Bwana Alois Jilala, mkulima bora wa tumbaku na mzee wa kuheshimika. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mafuta ya uso anayotengeneza Mektilda, mama wa pale kijijini, yana dhahabu. Basi likasimamishwa, kapu likafunguliwa, vikopo vikapelekwa kwa mpimaji Mwanza. Jibu likaja kwamba ni dhahabu ya unga, tena safi, na Jumatatu Mektilda akafungiwa.

Wakubwa wa mkoa walifurahi mno. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na kila mkoa ulitaka kuwa na wa kwake. Gari la kumchukua Mektilda kumpeleka Shinyanga lingefika kesho yake, Ijumaa asubuhi. Mtu akichukuliwa kwa kesi ya namna hiyo, siku ya kurudi hakuna aliyeijua. Na Jumamosi Mektilda alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Limi.

"Mlete," alisema Inspekta, akifunga kikopo.

Mektilda alikuja akijifuta mikono, kwa kuwa alikuwa ameomba ufagio na tambara na kusafisha mahabusu yote, pamoja na ukuta. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo mwepesi na uso usio na kunyanzi hata moja.

"Shikamoo, Mama Limi."

"Marahaba, baba. Kidevu kinaendeleaje?"

Ghati akaangalia dari.

"Tuanze," alisema Inspekta. "Dhahabu unaitoa wapi?"

"Sina dhahabu. Ningekuwa nayo ningempaka mke wa jirani? Mimi napaka kiota."

"Kiota cha nani?"

"Cha mbayuwayu. Mafuta ya kiota, kila mtu Ilembanya anayajua. Hata marehemu mama yako angekuja kwangu ningempaka."

Inspekta akamwomba aanze mwanzo. Mektilda akavuta kiti bila kuambiwa.

"Nilikuwa mhudumu wa wodi hospitali ya Shinyanga, enzi zile walipokuja madaktari Wachina. Alikuwepo mmoja mama, sisi tulimwita Mama Daktari. Ana wajukuu kwao, lakini ngozi, baba, ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikamuuliza siri yake. Akanionyesha kopo. Ndani mna kitu kikavu kimekaa kama bakuli dogo. Akakiloweka, akakitoa manyoya, akakichemsha akanywa kama uji. Kilichobaki akajipaka usoni. Akanipaka na mimi."

"Akakuambia ni nini?"

"Kiota cha ndege. Nikamuuliza ndege gani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akanionyesha picha kwenye kopo. Mabawa marefu, mkia wenye panda. Nikamwambia, mama, huyu namjua, kwetu analala mpaka jikoni. Akacheka, nami nikacheka. Nilipoacha kazi nikarudi nyumbani nikaanza."

Bujiku aliacha kuandika. Kulikuwa na jambo alilotaka kumwambia juu ya ndege yule, lakini aliona kwamba mtu anayesubiri gari la Shinyanga ana mzigo wa kumtosha.

"Sasa wewe unakitengenezaje?"

"Kama alivyofanya yeye. Nakiloweka kwenye beseni ili nitoe manyoya. Nazungusha maji taratibu, manyoya na nyasi na uchafu vinapanda juu, namwaga. Naongeza maji, nazungusha, namwaga. Kinabaki kile kizito cha chini. Hicho ndicho kiota chenyewe. Nakikausha, nakisaga, nachanganya na samli na asali. Kinakwaruza kidogo kwanza, halafu kinalainisha."

Inspekta akaweka kalamu chini. "Koplo, leta beseni lenye maji na mchanga kidogo."

Beseni likaletwa. Mektilda akalishika kwa mikono miwili, akaliinamisha kidogo, akalizungusha kiunoni kwa mtikiso wa taratibu, akamwaga maji ukingoni. Akarudia. Macho ya Ghati yakatoka pima. Kwao Mara alikuwa amewaona watu wa mitoni wakifanya vile vile tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

"Afande, huyu anaosha dhahabu."

"Anaosha kiota. Hajui kama anaosha dhahabu." Bujiku akamgeukia Mektilda. "Mafuta yako yalikuwa yanameremeta siku zote?"

"Hapana. Zamani yalikuwa mafuta ya kawaida. Kumeremeta kumeanza kiangazi hiki, baada ya Saba Saba. Nilidhani ni heri ya harusi ya Limi." Hapo akaliweka beseni chini. "Baba, wanichukue Jumapili. Jumamosi niwepo tu."

Inspekta hakuahidi. Alimuuliza viota vya kiangazi hiki alivichuma wapi. Mektilda akajibu kwamba alivichuma chini ya paa la bohari kuukuu la ushirika, mwisho wa kijiji, na kwamba hachumi chenye mayai wala chenye makinda, asije akalaaniwa na ndege.

Bohari lilikuwa limefungwa tangu vyama vya ushirika vilipovunjwa, na mbayuwayu walikuwa wamelirithi lote. Ngazi ilitoka nyumbani kwa Mektilda, na aliyeileta begani alikuwa Limi mwenyewe, kanga kifuani, miguu imejaa vumbi. Ghati alimuuliza kama si wakati wa bibi harusi kukaa ndani asuguliwe.

"Nani atanisugua? Anayesugua mmemfungia." Limi akaegemeza ngazi ukutani kwa kishindo. "Na nimeshamwambia mchumba wangu Mihayo, nimemwambia na Padri. Mama akiwa Shinyanga, mimi kanisani siingii. Wale pilau yao."

"Shika ngazi vizuri, binti," alisema Inspekta, ambaye alikuwa tayari amepanda.

Mbayuwayu walimpokea vibaya. Walimzungukia kichwa wakimpigia kelele, mmoja akaacha alama kwenye kofia ya serikali. Bujiku alichagua kiota kilicho kitupu, akakibandua kwa kisu, akashuka nacho amekikumbatia kama yai. Akakaa kwenye kizingiti cha bohari, akakivunja katikati.

Wote watatu wakainama. Kiota kilikuwa kimejengwa kwa punje za matope, moja juu ya nyingine, maelfu. Sehemu ya chini, ile iliyoshikana na ukuta, ilikuwa nyekundu, udongo wa Ilembanya ulivyo. Kuanzia katikati kwenda ukingoni rangi ilibadilika ghafla ikawa kijivu. Inspekta akalowesha kidole kwa mate, akasugua ile kijivu, akakiinua kidole juani. Kikameta.

"Ndege anaanza kujenga wapi, Koplo?"

"Chini, afande. Anapanda juu."

"Kwa hiyo nyekundu ni ya lini?"

"Ya masika. Matope yalikuwa kila mahali."

"Na kijivu?"

Ghati akafikiri. "Ya sasa. Amekarabati."

"Mara ya mwisho kunyesha hapa ilikuwa lini?"

"Mei," alijibu Limi kabla ya koplo. "Hata kisimani tunapanga ndoo tangu alfajiri."

"Basi niambieni," alisema Bujiku, na furaha ilikuwa imeanza kumpanda mpaka masikioni. "Ndege huyu hachimbi, hana ndoo, na mvua hakuna. Matope kayatoa wapi?"

Wote wakainua macho. Juu yao mbayuwayu waliendelea na shughuli zao, wengine wanakwenda na wengine wanarudi, na waliokuwa wanarudi walikuwa na kitu mdomoni.

Kumfuata mtu ni kazi ya polisi. Kumfuata mbayuwayu hakumo kwenye mafunzo ya chuo chochote. Inspekta na koplo wakashika njia ya mashambani, vichwa juu, wakijikwaa kwenye visiki vya pamba, na Limi nyuma yao, kwa kuwa aliambiwa arudi nyumbani akakataa. Mzee Maduhu, aliyekuwa anachunga ng'ombe wake kwenye mabua, alisimama akawatazama, akawasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, bakubwa. Mnatafuta mvua?"

"Tunatafuta matope, mzee," alisema Ghati.

"Ooh." Akafikiri. "Mtangoja sana."

Ndege waliwapeleka kwanza kisimani. Pale palikuwa na unyevu, maji yanamwagika kwenye ndoo za wanawake, na Ghati akadhani wamefika. Lakini udongo wa kisimani ulikuwa mweusi ti, udongo wa mbuga, na kwenye kiota hapakuwa na punje nyeusi hata moja. Bujiku akasimama akawaangalia ndege vizuri. Walishuka, wakachota maji kwa mdomo wakiwa bado wanaruka, wakaondoka. Kisimani walikuja kunywa tu. Kujenga walikwenda kwingine, na huko kwingine kulikuwa upande wa mashamba ya tumbaku.

Njiani wakaufikia mkokoteni wa ng'ombe uliobeba mapipa ya maji yanayochuruzika. Bwana Alois Jilala alikuwa anatembea kando yake, kofia pana kichwani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema Limi, akipiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Marahaba, binti yangu. Pole sana na matatizo ya mama." Akamgeukia Inspekta. "Mnaangalia nini huko juu?"

"Ndege tu."

"Na kesi ya dhahabu?"

"Inakwenda vizuri kuliko jana. Maji yote haya ni ya vitalu?"

"Miche ya tumbaku haina subira, Inspekta. Asubuhi mapipa, jioni mapipa. Ng'ombe wangu wamechakaa."

"Naijua hiyo kazi. Baba yangu alilima tumbaku Ushetu, mimi ndiye nilikuwa namwagilia. Ningefurahi kuona vitalu vya mkulima bora."

Jilala akacheka, akasema vitalu viko mbali na jua ni kali. Inspekta akasema jua halimsumbui tena, tangu apate mafuta mazuri ya uso. Wakaongozana.

Vitalu vilikuwa vimepangwa kwa unyoofu na kufunikwa nyasi, kama inavyotakiwa. Bujiku akachuchumaa akainua nyasi. Miche ilikuwa ya njano, imelala. Udongo chini yake ulikuwa umepasuka nyufa za kuingia kidole. Alipekua kitalu cha pili akakuta vile vile. Marehemu baba yake angempiga kwa miche kama ile, naye angeona amestahili.

"Zamu ya hivi bado," alisema Jilala haraka. "Tunaanza na vya kule."

Bujiku hakuangalia vya kule. Aliangalia juu. Mbayuwayu walikuwa wanapita juu ya kichwa cha Jilala mmoja baada ya mwingine, wanazunguka bani, lile jengo refu la udongo ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto, na wanateremka nyuma yake. Mlango wa bani ulikuwa na kufuli jipya. Na ilikuwa Septemba, wakati tumbaku ya mwaka huu imekwisha kuuzwa na ya mwakani haijapandwa shambani. Katika mwezi ule hakuna mkulima mwenye shughuli ndani ya bani.

Inspekta akazunguka nyuma. Chini ya ukuta palikuwa na tundu la kupitishia moto, na katika tundu lile yalikuwa yanatoka maji mazito ya kijivu, yakisambaa kwenye majani. Ukingoni walikuwa wamejaa mbayuwayu, wanagombana na kusukumana, kila mmoja anachota donge lake na kuondoka, kama wanawake wa Ilembanya kisimani alfajiri. Bujiku alisimama akawatazama kwa upendo. Miezi yote ile yeye alikuwa anahangaika na ramani, na wao walikuwa wanajua.

Aliporudi mbele, Ghati alikuwa ameshajiegemeza kwenye mlango wa bani, mikono kifuani.

"Bwana Jilala," alisema Inspekta, "kuna swali nilisahau kukuuliza siku ile. Ulipotuambia mafuta ya Mama Limi yana dhahabu, ulijuaje?"

"Niliona yanang'aa."

"Mimi niliyashika kwa mikono yangu nikadhani ni ulanga, yale mawe ya kumeta tu. Koplo alidhani ni vumbi la chupa. Mwanza ilibidi wayapime kwa dawa ndipo waseme. Wewe uliyaona wapi?"

"Kanisani. Kwenye mashavu ya wanawake."

"Ukiwa kiti cha ngapi?"

"Mimi nakaa nyuma."

"Ukajua kutoka nyuma."

"Mtu ana macho, Inspekta."

"Macho tunayo wote. Wewe una mazoea."

Mzee wa kuheshimika akatazama kufuli, akatazama koplo aliyekuwa ameegemea kufuli, akaona koplo ni mrefu zaidi kwa karibu. Ndani ya bani kitu kizito kilianguka, na sauti ya mtu ikauliza kwa Kisukuma kama wamalize au wangoje. Hapo Jilala alitoa ufunguo mfukoni bila kuombwa.

Ndani mlikuwa na vinu vya chuma, mbao za kuoshea zilizotandikwa magunia, vijana wawili weupe kwa vumbi, na ukutani yamepangwa magunia ya mawe yenye alama ya mgodi. Vijana walinyoosha mikono juu, ingawa hakuna aliyewaelekezea bunduki. Jilala alikaa juu ya pipa, akavua kofia.

"Nimeweka kufuli," alisema polepole. "Nimepitisha maji mchana kweupe mtu asiulize. Malori nayasimamisha kwa chai na maandazi, dereva anakula, vijana wanapakua. Kila mtu nimemfikiria. Sikuwafikiria ndege."

"Kitu kimoja sijakielewa," alisema Ghati. "Umejificha vizuri namna hii, kilichokupeleka polisi ni nini?"

Jilala akamtazama kama mtu aliyeonewa.

"Nilipoona wale akina mama wanameremeta kanisani, nililijua vumbi langu. Nikahesabu vijana wangu, nikabadilisha kufuli, bado wanameremeta. Nikasema Mektilda ananiibia."

Ghati alisubiri kidogo ili ahakikishe amesikia vizuri. "Uliibiwa ulichoiba, ukaja kushtaki."

"Nifanyeje? Ilikuwa inaniuma."

Limi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, na yale machozi baada ya muda yakawa machozi ya kweli, kwa sababu alikuwa ameyazuia tangu Jumatatu. Ghati akamshika bega. Inspekta akaangalia upande wa vinu, akajifanya anakagua.

Gari la Shinyanga lilifika Ijumaa asubuhi kama lilivyoahidiwa. Liliondoka na abiria watatu, na Mektilda hakuwa mmoja wao. Muda ule alikuwa uani kwake, amemketisha Limi juu ya mkeka, anamsugua mgongo kwa nguvu zote huku akimgombeza kwa kukimbia juani na polisi wiki ya harusi.

Jumamosi kengele ya kanisa la Ilembanya ililia, na kijiji kizima kikatoka. Mihayo alisimama mlangoni na suti ya kuazima, akiwa na uso wa mtu aliyeambiwa hakuna harusi kisha akaambiwa ipo. Ngoma ilikuwa tayari nje. Bujiku alikuja na kola iliyofungwa mpaka juu, jambo ambalo hakulifanya tangu apewe cheo.

Limi alipotoka kanisani mkononi mwa mumewe, jua la saa sita lilimpiga usoni, na watu wakasukumana waone. Uso ulikuwa unameremeta. Haukuwa mng'aro wa mafuta peke yake. Ulikuwa mng'aro laini, wa manjano, uliotembea kwenye mashavu kila alipogeuka. Kisha vigelegele vikapasuka kutoka kila upande, na waliokuwa wanavipiga, wengi wao, walikuwa wanameremeta pia.

"Afande," alisema Ghati chini chini. "Ile iliyo usoni kwa bibi harusi ni mali ya serikali."

"Nimeiona."

"Tunafanyaje?"

Inspekta akajipapasa kidevu, ambacho asubuhi ile kilikuwa laini kabisa, akaangalia kidole chake. Nacho kilikuwa kinameta.

"Tutaikamata akinawa," alisema.

Baadaye, chakula kilipokwisha na ngoma kushika kasi, Mektilda alimletea Inspekta sahani ya pili na kukaa karibu naye. Bujiku akaona sasa ndiyo wakati. Alimweleza kwamba aliwahi kulinda kambi za Wachina waliojenga reli ya kwenda Zambia, na mpishi wao alikuwa na kopo kama lile la Mama Daktari, lenye ndege yule yule. Mpishi alimwonyesha kwa mikono mpaka akaelewa. Ndege wale si mbayuwayu wetu. Wanaishi kwenye mapango ya bahari ya huko kwao, na viota vyao hawavijengi kwa matope.

"Kwa kitu gani basi?"

"Kwa mate yao. Yanakauka, yanakuwa kiota. Ndicho wanachokunywa na kujipaka."

Mektilda akakunja ukingo wa kanga yake. Bujiku alianza kujuta, akajiona amemharibia mama wa watu siku yake.

"Mate," alisema Mektilda.

"Mate matupu."

"Kwa hiyo mimi miaka yote hii nimewapaka watu matope."

"Matope, samli na asali."

Mektilda akatazama uwanjani. Limi alikuwa katikati ya ngoma, amevua viatu, uso wake unawaka juani, na Mihayo anamzunguka hajui aweke wapi mikono kwa furaha. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, ametabasamu, macho yamejaa maji. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Maskini Mama Daktari," alisema. "Muda wote ule alikuwa Shinyanga anajipaka mate, na matope yetu yako hapa hapa."

Akasimama, akamvuta Inspekta mkono, wakaingia kucheza.